Usitoke Wodini Mikono Mitupu: Mwongozo kwa Anayemuuguza Mzee Baada ya Kiharusi

Daktari wa zamu amesema mzee anaweza kwenda nyumbani. Upande mmoja wa mwili hauna nguvu, maneno yanamtoka kwa shida, amewekewa mpira wa mkojo, na wewe umekabidhiwa karatasi moja yenye majina ya dawa na tarehe ya kliniki. Kuanzia saa hiyo wewe ndiye utakayemwogesha, kumlisha, kumgeuza usiku, kumpa dawa kwa saa zake na kuzunguka na faili lake dirisha hadi dirisha. Hakuna aliyekuuliza kama umewahi kuifanya kazi hiyo.

Tanzania imeiachia familia uuguzi wa muda mrefu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaitaja familia kuwa msingi wa matunzo ya mzee, na makazi ya wazee ya serikali, kama Nunge ya Kigamboni, Fungafunga ya Morogoro au Kolandoto ya Shinyanga, yapo kwa ajili ya wazee wasio na wa kuwatunza. Mzee mwenye watoto hurudi kwa watoto. Hilo ni jema, na wengi wetu tusingekubali vinginevyo. Lakini mtu anayepewa kazi ya muuguzi anapaswa kufundishwa, kupewa karatasi zinazohitajika, na kujua atamrudia nani akikwama.

Mambo hayo matatu hupatikana kwa urahisi zaidi mgonjwa angali kitandani hospitalini. Ukishavuka geti, kila moja litakula nauli, siku ya kazi na foleni. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia wodini.

Mkute daktari anayeamua

Kikwazo cha kwanza ni saa. Katika hospitali nyingi za umma ndugu huingia wodini asubuhi na mapema, mchana na jioni. Daktari bingwa hupita raundi katikati ya asubuhi, wakati ndugu wote wameshatolewa nje. Unaweza kumpelekea mzee uji wiki nzima bila kuonana hata mara moja na mtu anayeamua matibabu yake. Habari unazipata kwa vipande: hiki umeambiwa na muuguzi wa usiku, kile na mwanafunzi wa udaktari, kingine na mgonjwa wa kitanda cha jirani.

Usisubiri kuitwa. Muulize muuguzi kiongozi wa wodi bingwa anapita siku gani, kisha omba ndugu mmoja aruhusiwe kubaki. Sema kwa adabu na kwa ukamilifu: “Samahani sista, mimi ndiye nitakayekaa na mzee nyumbani. Naomba nionane na dokta siku ya raundi, nina maswali manne tu.” Ombi lenye sababu na mpaka hukubaliwa upesi kuliko manung'uniko ya jumla kwamba hamuambiwi kitu.

Maswali yenyewe ni haya:

1. Kiharusi hiki ni cha mshipa kuziba au cha damu kuvuja kichwani? Jibu lake linagusa dawa. Aspirini, kwa mfano, hupewa aliyezibwa mshipa. Kwa aliyevuja damu inaweza kuleta madhara. Usikubali mtu yeyote amwongezee mzee dawa hiyo nyumbani kwa kuwa “jirani alisaidiwa nayo”.
2. Chanzo ni nini: presha, kisukari, au mapigo ya moyo yasiyokwenda sawa? Chanzo kisipodhibitiwa, kiharusi cha pili kiko njiani.
3. Anameza salama, au chakula kinaweza kuingia njia ya hewa?
4. Tutegemee nini katika miezi mitatu ijayo, na dalili gani zitufanye tumrudishe haraka?

Andika majibu palepale, mbele ya daktari. Chagueni pia ndugu mmoja wa kuzungumza na hospitali kwa niaba ya wote. Watoto watano wakiuliza madaktari watano, mtapata majibu matano na ugomvi mmoja.

Jifunze kwa mikono yako

Maelezo ya mdomo husahaulika kabla hamjafika nyumbani. Omba uoneshwe, kisha nawe ufanye muuguzi akikutazama. Na atakayefundishwa awe yule hasa atakayeamka usiku. Familia nyingi humtuma kaka mkubwa wodini kwa heshima ya ukubwa wake, ilhali kumgeuza mzee ni kazi atakayoifanya binti, mkwe au dada wa kazi. Waende hao.

Kabla ya siku ya kuruhusiwa, hakikisha umeshika mambo haya:

- Kumgeuza. Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa takribani kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, ili asipate vidonda vya mgandamizo kwenye makalio, nyonga, visigino na mgongoni. Ngozi ikianza kuwa nyekundu au kubadilika rangi na isirudi kawaida mzee akiacha kuilalia, kidonda kimeshaanza. Usisugue sehemu hiyo, iondolee uzito.
- Kumhamisha. Usimvute mkono uliolegea hata siku moja. Bega la upande huo hutoka mahali pake kirahisi, na maumivu yake hudumu. Mshike kiunoni au kwa shuka kama utakavyooneshwa, nawe upinde magoti yako ili usiumie mgongo.
- Kumlisha. Awe amekaa wima, apewe kidogo kidogo kwa kijiko, na abaki amekaa kama nusu saa baada ya kula. Akikohoa kila anapokunywa maji, au sauti ikawa ya majimaji baada ya kumeza, simamisha na uwaulize wataalamu. Chakula kinachoingia mapafuni huleta nimonia, na nimonia huua wengi waliokwisha kunusurika kiharusi chenyewe.
- Mpira wa mkojo. Mfuko ukae chini kuliko kibofu wakati wote, nawe unawe mikono kabla ya kuugusa. Uliza tarehe ya kuubadilisha na utabadilishwa wapi. Uliza pia kama bado unahitajika, kwa sababu mpira unaosahaulika mwilini huleta maambukizi.
- Mazoezi. Mwombe mtaalamu wa fiziotherapia akuoneshe mazoezi machache ya kila siku, na umwombe ruhusa umrekodi kwa simu. Nafuu kubwa huja katika miezi mitatu hadi sita ya kwanza. Muda huo haurudi.

Karatasi za kutoka nazo

Muuguzaji anayejua karatasi zake huhangaika nusu ya mwenzake. Usikubali kuondoka bila hivi:

- Karatasi ya ruhusa yenye jina la ugonjwa, matokeo ya vipimo na tiba aliyopewa, iliyosainiwa na kupigwa muhuri.
- Cheti cha dawa kilichoandikwa kwa majina halisi ya dawa, kwa mfano amlodipini au losatani, badala ya majina ya kampuni. Dawa iliyoandikwa kwa jina halisi hupatikana kirahisi zaidi katika maduka na katika bima. Kionyeshe pia ni dawa ipi ya muda na ipi ya maisha.
- Picha ya kichwa na maelezo yake. Ni gharama kubwa kuirudia kwa sababu tu haikuchukuliwa.
- Tarehe ya kliniki, jina la kliniki na namba ya chumba.
- Barua kwenda kituo cha afya kilicho karibu nanyi, inayoeleza hali ya mgonjwa na dawa anazoendelea nazo. Wengi hawaiombi, nayo ndiyo itakayokuwezesha kupima presha na kuendelea na dawa karibu na nyumbani, bila kumbeba mzee hadi mkoani kila mara.
- Namba ya simu ya wodi au kliniki, na jina la mtu wa kumuulizia.

Piga picha kila karatasi kwa simu, na mtumie ndugu mwingine ahifadhi nakala. Angalia pia majina. Mzee aliyefikishwa hospitalini usiku wa dharura mara nyingi huandikishwa kwa jina wanalomjua majirani. Kadi ya bima ina jina la pili, kitambulisho cha NIDA kina la tatu. Jina likipishana hata kwa herufi moja, dirisha la bima linaweza kukurudisha. Rekebisheni jina hilo mapokezi kabla ya kuruhusiwa, kwa kuonyesha kitambulisho.

Nani analipa

Kuna njia tatu kuu, na kila moja ina mlango wake.

*Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF).* Mfanyakazi anayechangia kupitia mshahara anaweza kuandikisha mwenza na wategemezi wengine wasiozidi wanne, na wazazi wake au wakwe wanaweza kuwamo. Tatizo hujitokeza nafasi zote zinapokuwa zimejazwa watoto. Kaeni kama ndugu, mtazame ni nani kati yenu ana nafasi wazi, na mzee aandikwe kwake mapema. Mstaafu aliyekuwa mwanachama hadi kustaafu anapaswa kuuliza haki yake na ya mwenza wake kabla ya kuanza kutafuta njia nyingine. Ukiwa na kadi, fuata ngazi za rufaa: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, rufaa ya mkoa, kanda, kisha taifa. Ukiruka ngazi bila barua ya rufaa na bila dharura, unaweza kujikuta unalipia kile ambacho kadi ingelipia. Dawa ikikosekana hospitalini, usikimbilie kununua. Uliza kwanza dirisha la bima utaratibu wa kuichukua katika duka la dawa lililosajiliwa na Mfuko.

*Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa.* Ulipoanza mwaka 2018, kaya ya hadi watu 6 katika mikoa mingi ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na mambo yanabadilika kwa awamu. Nenda ofisi ya mtendaji wa kata au halmashauri yako uulize kinachotumika sasa katika eneo lenu, kiasi cha mchango, na kadi inaanza kazi lini. Usisubiri mtu augue ndipo ukatafute bima.

*Msamaha wa matibabu.* Wananchi walipoanza kuchangia gharama katika hospitali za umma miaka ya 1990, msamaha uliwekwa kwa makundi maalumu. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo ni mmoja wao. Maneno “asiye na uwezo” ndiyo yanayoleta mabishano dirishani, kwa sababu karani anataka uthibitisho. Uthibitisho huo ni kitambulisho cha matibabu cha mzee kinachotolewa na halmashauri, au barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa. Kishughulikieni mzee angali mzima. Kama dharura imewakuta bila karatasi, mmoja wenu aende ofisi ya ustawi wa jamii iliyomo ndani ya hospitali siku ya kwanza ya kazi, si siku ya kuruhusiwa. Afisa ustawi akimjua mgonjwa mapema, hupata muda wa kumhoji na kuandika maelezo. Akiletewa bili iliyofungwa, mikono yake imebanwa. Na mjue kwamba msamaha hugusa kile ambacho hospitali inacho. Dawa isiyokuwapo mtaambiwa mkanunue nje, hivyo tengeni akiba yake.

Wiki za kwanza nyumbani

Panga chumba kabla mzee hajafika. Kitanda kiwe na nafasi pande zote mbili, godoro lisiwe limebonyea, na njia ya chooni isiwe na zulia la kumkwaza. Kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati na kuwekwa juu ya tundu la choo kimewasaidia wazee wengi ambao hawawezi kuchuchumaa.

Fungua daftari. Kila siku andika presha, dawa alizomeza na saa yake, alichokula, choo, mkojo na hali ya ngozi. Kipimo cha presha kinaweza kufanyika zahanati ya karibu ikiwa hamna mashine nyumbani. Daftari hili ndilo litakalozungumza kliniki, ambako daktari ana dakika chache na wewe una mambo ya mwezi mzima.

Mrudishe hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki ukiona uso unapinda upya, mkono au mguu unalegea zaidi, maneno yanapotea ghafla, kichwa kinauma kwa ukali, homa, pumzi ya shida, mkojo kukatika, mguu mmoja kuvimba, au kidonda kinachonuka. Kwa dalili za kiharusi kipya, kila saa ina thamani: zipo dawa za kuzibua mshipa ambazo hufaa katika saa chache za mwanzo tu, na hutolewa baada ya picha ya kichwa. Mpango wa usafiri uwe tayari: nani ana gari, bajaji gani inapokea simu usiku, fedha iko kwa nani. Kwa ushauri wa jumla, Wizara ya Afya ina namba ya bure 199.

Jambo jingine linahitaji kusemwa kwa heshima. Kiharusi humjia mtu ghafla, na wapo watakaosema mzee amerogwa au amepigwa na upepo. Familia ikiamua kuomba dua au kufanya maombi, ifanye. Faraja ina kazi yake. Lakini dawa ya presha isikatishwe hata siku moja, na isiachwe kwa sababu mzee anajisikia nafuu. Nafuu hiyo inatokana na dawa.

Watu wa kukutana nao nje ya hospitali

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Uliza zahanati yenu kama mtaa wenu una mhudumu, umwombe aijue kaya yenu. Hawezi kuwa daktari wa mzee, lakini anaweza kupita, kutambua hatari na kukuunganisha na kituo.

Afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri ni mtu wa pili. Mweleze kama mzee amebaki na ulemavu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamhusu naye pia, hata kama ulemavu umemkuta uzeeni. Muulize kuhusu kusajiliwa, kiti mwendo na vifaa vingine. Kama kaya ni maskini, uliza pia kama Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF unapokea walengwa katika eneo lenu. Walengwa hutambuliwa kupitia mkutano wa kijiji au mtaa, na anayeuguza ndani mchana kutwa mara nyingi ndiye anayekosa mkutano. Mtume mtu akuwakilishe.

Huduma za utengamao, yaani mazoezi, tiba kazi na vifaa saidizi, zipo katika hospitali za rufaa. Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT inajulikana kwa kazi hiyo, na Moshi, hospitali ya KCMC imekuwa ikifundisha wataalamu wa fani hizo kwa miaka mingi. Kama ni mbali, uliza mafundi na wataalamu walio karibu zaidi, na shikilia yale mazoezi uliyorekodi.

Pensheni nayo ina mtego wake. Mstaafu hutakiwa kuhakikiwa mara kwa mara, na asiyehakikiwa anaweza kusimamishiwa malipo katika kipindi ambacho fedha zinahitajika kuliko wakati wowote. Ujulisheni mfuko wake wa pensheni, PSSSF au NSSF, kwamba mstaafu hawezi kutembea, na ulizeni njia ya kumhakiki akiwa nyumbani au kwa simu.

Kuhusu fedha za benki, usizoee kutumia kadi na namba ya siri ya mzee kimyakimya, hata kama nia ni njema. Siku moja ndugu watauliza. Kama mzee ana fahamu zake na anaweza kueleza anachotaka, nendeni kwa wakili akaandae hati ya kumpa mtu mmoja mamlaka ya kumwakilisha. Fahamu zikishapotea, njia inayobaki ni ya mahakamani, nayo ni ndefu. Asiyemudu wakili awatafute wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ofisi ya halmashauri itakuelekeza walipo.

Ndugu wagawane kazi, si pole

Kila familia sasa ina kundi la WhatsApp, na taarifa ya ugonjwa hujibiwa na “pole” nyingi na alama za mikono iliyofumbatwa. Pole haigeuzi mgonjwa. Itisheni kikao, hata kwa simu, na mtoke na majina na tarehe. Nani anampeleka kliniki mwezi huu? Nani ananunua pampasi za watu wazima na dawa? Nani analala na mzee Jumamosi ili anayeuguza siku zote apumzike? Aliye Muscat au Minneapolis anaweza kutuma fedha, na pia anaweza kufuatilia bima kwa simu na barua pepe, jambo linalomuondolea muuguzaji safari nyingi.

Weka hesabu ya kila shilingi na risiti zake, uitume kundini kila mwisho wa mwezi. Hesabu iliyo wazi huwafanya ndugu waendelee kutoa. Na aliyeacha biashara yake ili amuuguze mzazi wa wote asionekane kama aliyekosa la kufanya. Amechangia kazi yake na kipato chake, na kikao kikiri hivyo kwa maneno na kwa fedha.

Kazi yako na afya yako

Kama umeajiriwa, soma haki zako kabla hujaanza kuomba ruhusa za juujuu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya mwaka ya siku 28. Ilivyotungwa, inatoa pia angalau siku 4 zenye malipo mtoto wako akiugua au akifariki, na vilevile ukifiwa na mwenza, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu yako. Kuugua kwa mzazi hakukuwamo katika orodha hiyo. Sheria imefanyiwa marekebisho tangu wakati huo, kwa hiyo muulize afisa rasilimali watu au chama cha wafanyakazi kinachotumika sasa, na omba kwa maandishi: siku za likizo ya mwaka zigawanywe kufuata tarehe za kliniki, au zamu zibadilishwe. Ambatanisha nakala ya karatasi ya hospitali.

Nawe pia upime presha. Kiharusi cha mzazi mara nyingi kina mzizi katika presha, na presha hutembea katika ukoo. Mgongo unaouma, usingizi unaokatika, hasira za ghafla na kulia bila sababu ni dalili zinazostahili kupelekwa kwa mtaalamu kama dalili za mgonjwa mwenyewe. Hakuna thawabu katika kuugua ukiuguza.

Ukikwama

Wauguzi na madaktari wengi hufanya kazi kubwa wakiwa wachache, na sauti ya upole huwafungua zaidi ya makelele. Lakini upole hauzuii kufuatilia haki. Umenyimwa huduma, umejibiwa kwa matusi, au umeambiwa “njoo kesho” mara tatu mfululizo? Andika tarehe, saa, dirisha na ulichoambiwa. Anza na kiongozi wa wodi au idara, kisha mganga mfawidhi wa hospitali, kisha mganga mkuu wa wilaya, kisha wa mkoa. Barua fupi yenye tarehe husomwa; hadithi ndefu ya mdomo hupotea. Ukiombwa rushwa, TAKUKURU wanapokea simu bure kwa namba 113.

Mwisho, neno kwa wanaosimamia wodi zetu. Saa moja ya kumfundisha ndugu kumgeuza mgonjwa na kumlisha humkinga huyo mgonjwa asirudi na vidonda na nimonia, na huiokolea hospitali kitanda. Mafunzo hayo yawe sehemu ya kumruhusu mgonjwa, kama ilivyo kumwandikia dawa. Na wewe msomaji uliye na mgonjwa wodini leo, usingoje hadi utaratibu huo uwepo. Kesho asubuhi nenda na daftari na kalamu, mtafute muuguzi kiongozi, umwambie wewe ndiye utakayemuuguza mzee nyumbani, na uombe kufundishwa. Ni haki ya mzee wako, na ni haki yako.